MaxQuant kwa kupima wingi wa protini: uzoefu wangu

Kama una data za spektrometa ya masi (mashine inayopima uzito wa molekuli) na unataka kulinganisha wingi wa protini kati ya sampuli bila kuweka lebo za isotopu (atomi nzito za kutambulisha sampuli), anza na programu ya MaxQuant. Ni ya bure. Jürgen Cox na Matthias Mann wa Taasisi ya Max Planck ya Biokemia, Ujerumani, waliitangaza 2008, na ile hesabu ya LFQ (label-free quantification, yaani kupima wingi bila lebo) ninayoitegemea walieleza na wenzao 2014.

Hiyo LFQ ndiyo iliyonishika. Mashine haipimi protini nzima. Kimeng'enya kiitwacho tripsini huikata kwanza, baada ya asidi amino za lisini na ajinini, na tunachopima ni vipande, yaani peptidi. Shida ni kwamba peptidi mbili za protini ileile huweza kutoa ishara zilizoachana mno, kwa sababu moja hupokea chaji kirahisi na nyingine hukataa. MaxQuant hulinganisha kila peptidi na peptidi hiyohiyo kwenye sampuli nyingine, kisha hushika uwiano wa katikati. Nilipolinganisha hamira iliyopashwa joto na isiyopashwa, marudio yangu yalikubaliana vizuri sana.

Ila usitumie LFQ kusema protini hii ni nyingi kuliko ile ndani ya sampuli moja. Kwa swali hilo tumia iBAQ, hesabu nyingine ya MaxQuant inayogawanya jumla ya ishara kwa idadi ya peptidi zinazotarajiwa kuonekana.

Majibu yako kwenye faili la proteinGroups.txt. Kabla ya lolote, ondoa mistari yenye alama ya + kwenye safu za "Reverse" na "Potential contaminant". Ya kwanza ni mfuatano wa protini uliogeuzwa, wa kupimia utambuzi wa uongo; ya pili ni uchafu, na humo ndimo ilimo keratini ya ngozi na nywele za watu wa maabara, pamoja na tripsini yenyewe.

Halafu zile sifuri kwenye faili hilo. Jamani, sifuri si ushahidi kwamba protini haipo! Mara nyingi mashine haikuichagua tu peptidi ile kuivunja. Washa "match between runs", programu iitafute kwa masi yake na muda wake wa kutoka kwenye kromatografia, hatua inayotenganisha peptidi kabla ya kupimwa. Zikibaki, naziacha wazi. Inaniuma kusoma "protini imetoweka" iliyojengwa juu ya sifuri.

Ongeza idadi ya prosesa kabla ya kuanza, la sivyo utasubiri sana. Kiwango cha chini cha idadi ya uwiano wa peptidi ("LFQ min. ratio count") kiache kwenye 2. Ukikishusha hadi 1 utapata protini nyingi zaidi, lakini namba zake zitayumba.