Dola 25 na wiki nzima ya neno moja: darasa la Kiingereza la jioni, Katindo, Goma

Nilijiandikisha kwa hasira. Mwezi wa tatu nilienda kwenye mahojiano ya kazi ya depo, yaani ghala, katika shirika moja hapa Goma. Wakaniuliza ninafanya nini kwa sasa, nami nikajibu bila woga: "I am a cashier in a pharmacy since six years", nikimaanisha niko keshia wa famasi tangu miaka sita. Mama aliyekuwa akiandika akainua kichwa, akatabasamu, akaendelea kuandika. Kazi sikuipata.

Shoga yangu akanielekeza kwenye darasa hili: siku tatu kwa wiki, saa kumi na moja jioni mpaka kumi na mbili na nusu, dola 25 kwa mwezi, na fotokopi unajilipia. Wiki ya kwanza yote tukasoma neno moja tu, "since", yaani "tangu". Jirani yangu wa benchi, papa mmoja wa pikipiki, akaninong'oneza: "Mama, hapa pesa yetu inaliwa." Nikamkubalia, mpaka Jumatano.

Jumatano prof aliandika ubaoni sentensi inayofanana kabisa na ile yangu, bila kujua. Kumbe nilikosea mara mbili. Sisi tunasema "niko Goma tangu 2014", na Kifaransa kinasema vilevile, kitenzi kikiwa cha wakati uliopo. Kiingereza hakitaki: jambo lililoanza zamani na bado linaendelea linadai "I have been". Halafu "depuis" ya Kifaransa inabeba yote, mwaka ulioanza na muda uliokaa. Kiingereza kimegawa kazi: "since" inashika pale pa kuanzia, "for" inashika urefu. Since 2019, lakini for six years. Nikalikumbuka lile tabasamu, uso ukaniwaka.

Kwa mazoezi alitumia tarehe ambazo Goma hakuna wa kufundishwa: mlipuko wa volkano yetu Nyiragongo wa mwezi wa kwanza 2002 na ule wa mwezi wa tano 2021. Kila mtu aseme amekaa wapi tangu lini. Papa wa pikipiki, ambaye nyumba ya baba yake ilimezwa na lava 2002, akasaidiwa kusema: "We have since built another one", tangu hapo tumejenga nyingine. Hapo neno halifuatwi na tarehe yoyote, linajitegemea, maana yake "tangu hapo". Darasa likanyamaza kidogo. Mimi hiyo moja tu ningeilipia.

Ijumaa ikaja maana ya pili, "kwa kuwa". Since you are late, sit at the back. Prof anasema hii ni kwa sababu ambayo msikilizaji anaijua tayari, ndiyo maana mtu akikuuliza "why?" huanzi jibu kwa "since", unasema "because". Kisha akatutega: "Since she got married, she hasn't greeted us." Ni tangu alipoolewa, au ni kwa kuwa ameolewa? Wanaume walisema ni tangu. Sisi wamama tulikuwa na uhakika ni kwa kuwa, na mmoja alikuwa na jina la mtu kabisa.

Kasoro zipo. Benchi la watu watatu tunakaa watano, umeme ukikatika tunasomea tochi za simu, na fotokopi nyingine hazisomeki. Na prof hapendi kusahihishwa. Alitangaza kwamba sentensi yenye "since" ya wakati lazima iwe na "have" au "has". Nikamletea kutoka kwenye kamusi "It is three years since he left", sentensi safi isiyo nayo. Akasema tutarudi hapo. Hatujarudi.

Mwezi wa pili nimeshalipa hata hivyo. Tunaanza "get". Nimeitazama kwenye kamusi, inajaza kurasa, na papa wa pikipiki ameshaanza kuomba punguzo la fotokopi.