Tochi ya Titani Yenye Nakshi ya Mistari 12

Nimeitumia tochi hii karibu kila usiku kwa muda wa miezi minane, na sikutaka kuitathmini mapema zaidi kwa sababu kasoro yake kuu haikujitokeza katika wiki za mwanzo. Ni tochi ya kuagiza, iliyotengenezwa na fundi mmoja kwa kerezo na mashine ya kuchonga, kutokana na mche wa metali ya titani ya daraja la 5, yaani aloi (mchanganyiko wa metali) yenye takriban asilimia 6 ya alumini na asilimia 4 ya vanadi. Hutumia betri moja ya 18650, ambayo jina lake limebeba vipimo vyake: kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65. Mimi nilichagua nakshi, rangi, na kiasi cha umanjano wa mwanga. Mengine yote nilimwachia fundi.

Nakshi yenyewe ndiyo iliyonifanya niagize. Mistari 12 huanzia kichwani na kuuzunguka mwili kwa mshazari hadi kitakoni, mithili ya kamba iliyosokotwa, na mingine 12 huikata kwa kuzunguka upande wa pili, hata baina yake vikabaki vipande vyenye umbo la almasi. Katikati ya kila almasi pamechongwa kijibakuli kwa kisu chenye ncha ya mviringo, na kila kijibakuli hukamata mwanga kwa pembe yake, kiasi kwamba tochi ikigeuzwa polepole mkononi huonekana kana kwamba ngozi yake inatembea. Pamoja na urembo huo, nakshi ina kazi. Mkono uliolowa hautelezi juu yake, na kwa kuwa fundi alizipitia kingo zote kwa msasa, haichani mfuko wa nguo. Vijibakuli hivyo hukusanya taka, hilo sikulifikiria wakati wa kuagiza, lakini mswaki uliochakaa na maji ya sabuni huviondolea uchafu kwa dakika chache.

Jambo lililonistaajabisha zaidi liko mahali ambapo mtu asiyeambiwa hawezi kuliona. Kitako kimechongwa pamoja na mwili, kwa hiyo kiungo ni kimoja tu, pale kichwa kinapofungwa kwa hesi, yaani meno ya kuzungusha kama ya skrubu. Na kichwa kikishakazwa, mistari ya kichwani hukutana na ya mwilini bila kuvunjika. Sadfa haiwezi kuleta matokeo hayo. Hesi ya tochi hii husogea milimita 1 kwa kila mzunguko kamili, na kipenyo cha mwili pale kwenye kiungo ni milimita 24, maana yake mzingo ni kama milimita 75. Basi fundi akikosea sehemu moja tu ya mia ya milimita katika uso ambapo kichwa hugota, mstari utahama kwa robo tatu ya milimita, na jicho litauona mara moja. Tochi yangu ilipofika nilipitisha ukucha juu ya kiungo hicho mara kadhaa, na ukucha haukujua ulipovuka.

Ugumu wa kazi hiyo huongezwa na tabia ya titani yenyewe. Haipitishi joto vizuri, kwa hiyo joto la kukereza hubaki kwenye ncha ya kisu badala ya kuondoka na vinyweleo vya metali inayokatwa, na kisu hupoteza makali upesi. Ndiyo maana mafundi huikereza kwa mwendo wa taratibu, kwa visu vikali na kipoozeo kingi, huku wakijihadhari na vinyweleo vyembamba, maana vinaweza kushika moto. Tena ni metali inayonesa, kwani ukakamavu wake ni kama nusu ya ule wa chuma cha pua, hivyo ukuta mwembamba hukikimbia kisu kisha humrudia fundi kwa mtetemo. Alama za mtetemo huo nimeziona kwa kioo cha kukuzia katika sehemu moja karibu na kitako, vijistari vidogo ndani ya mfereji wenye kina kirefu. Sikumlalamikia fundi kwa hilo, ila kwa kazi inayoitwa ya ustadi wa juu, ni haki lisemwe.

Rangi ya bluu iliyo ndani ya mifereji si rangi ya kupaka. Titani ikitumbukizwa katika maji yaliyotiwa chumvichumvi au sabuni na kupitishiwa umeme, juu yake hujengeka utando mwembamba wa oksidi, na unene wa utando huo, unaofuata idadi ya volti, ndio unaoamua jicho lione rangi gani, kama vile mafuta yanavyofanya rangi juu ya dimbwi la maji. Bluu hupatikana karibu na volti 30. Fundi aliipa tochi nzima rangi hiyo, kisha akazing'arisha sehemu zilizoinuka hadi zikarudi kuwa kijivu, na bluu ikabaki pale vidole visipofika. Jasho na mafuta ya mkono huififisha kidogo. Asiyejua atadhani imebanduka, kumbe ikioshwa hurejea kama mwanzo.

Kuhusu uzito, wengi hudhani titani ni nyepesi kuliko vyote. Sentimita moja ya ujazo ya aloi hii ina gramu 4.43, ya alumini ina 2.7, na ya chuma cha pua inakaribia 8. Anayetaka tochi nyepesi achukue ya alumini.

Hata anayetaka mwanga mwingi achukue ya alumini, na hapa ndipo ninaposhindwa kumtetea fundi pamoja na chaguo langu mwenyewe. Alumini hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko aloi hii ya titani. Fundi alijaribu kuliponya tatizo kwa kuikalisha LED, kitaa kidogo kinachotoa mwanga, juu ya kipande cha shaba nyekundu kilichoshindiliwa ndani ya kichwa, lakini shaba hulipokea joto na kulifikisha kwenye ukuta ambao hauna haraka ya kulitoa. Nikiwasha kiwango cha juu, kichwa huwa cha moto kabla ya dakika mbili ilhali kitako bado ni baridi, na saketi huupunguza mwanga ili kuilinda LED. Katika kiwango cha kati, ambacho ndicho ninachokitumia, mwanga wake ni wa umanjano mtulivu unaoonyesha rangi za vitu kwa uaminifu, nami sina la kuulaumu.

Sasa ile kasoro. Betri huchajiwa nje ya tochi, kwa hiyo kichwa hufunguliwa na kufungwa kila mara, na titani ikisuguana na titani hulika na kung'ang'aniana. Grisi ni lazima. Nilipoisahau wiki moja, hesi ilianza kulia kama mlango wa zamani. Baada ya miezi minane nyuso zinazogotana zimelika kidogo sana, lakini kwa ile hesabu ya hesi, kidogo hicho kimetosha kuipitiliza mistari kwa milimita 1. Anayeiona tochi kwa mara ya kwanza haoni kitu, ila mimi siku hizi sioni kitu kingine.

Nilimwandikia fundi, nikitarajia aniambie kwamba kilicholika hakirudi. Alinijibu kwamba hakina haja ya kurudi. Nakshi ina mistari 12, kila mmoja uko umbali wa milimita 6 na ushei kutoka kwa mwenzake, kwa hiyo akiupunguza uso wa kiungo kwa sehemu saba za mia za milimita, kichwa kitazunguka mbele hadi kila mstari ukutane na jirani wa yule aliyempoteza. Kazi hiyo haitozi chochote, na bluu haitaguswa. Sijaipeleka bado, kwa kuwa usiku ninaitumia.