Helmeti ya kuchomelea niliyomnunulia kijana wangu, na yule muuzaji

Haya nimeyaandika mara mbili nikayafuta, maana hasira ilikuwa inanizidi. Leo siyafuti.

Nina karakana ndogo ya mageti na madirisha huku Mbagala, Dar es Salaam. Kijana wangu wa kazi, niliye naye tangu amalize kidato cha nne, alikuwa akitumia kile kioo cheusi cha kushika mkononi. Shida yake kila fundi anaijua. Mkono mmoja umeshika kioo, wa pili umeshika moto, sasa chuma ashike nani? Ndiyo maana vijana wengi wanakiweka pembeni wakashikisha vyuma kwa kufumba macho, au wanavaa miwani ya jua ya barabarani. Kipindi cha mvua tukapata kazi nzuri ya geti kubwa, nikasema huyu mtoto amenivumilia, nimpe kitu. Nikaenda Kariakoo nikamchukulia helmeti ile ambayo kioo chake kinajifunga giza chenyewe moto unapowaka. Sh 45,000. Alipoivaa alicheka kwa furaha mpaka na mimi nikacheka.

Haikupita wiki. Saa nane usiku simu inalia, mama yake. "Kaka, mtoto analia macho. Anasema yamejaa mchanga, hawezi kuyafungua." Nilijua pale pale ni nini, na mwili ukaniisha nguvu, kwa sababu kitu nilichompa kilikuwa cha kuzuia hilo hilo.

Asiyefanya kazi hii aelewe kwamba maumivu ya mwanga wa kuchomelea hayaji hapo hapo. Mwanga unakupiga mchana, unaoga, unakula, unalala, halafu saa sita, saa kumi baadaye ndipo jicho linawaka. Ile mionzi ya urujuanimno (UV), isiyoonekana kwa macho, inaunguza ngozi nyembamba ya juu ya jicho kama jua linavyomuunguza mtu mweupe mgongoni. Kijana alikuwa amejikunyata kwenye kona ya chumba, kitambaa usoni, machozi hayakatiki. Bibi yake alishamdondoshea maziwa. Simlaumu bibi, ndivyo tulivyokuzwa, lakini daktari asubuhi yake hakupendezwa kabisa. Maziwa si dawa ya jicho, yanaweza kuingiza vijidudu kwenye sehemu ambayo tayari imechubuka.

Daktari alimdondoshea dawa ya ganzi kwanza, na maumivu yakakatika kama umezima taa. Kijana akaomba apewe ile chupa aende nayo nyumbani. Akakataliwa. Daktari akatueleza kwa upole kwamba ganzi ikitumiwa mara kwa mara inachelewesha kidonda kupona na inaweza kuliharibu jicho moja kwa moja, tena mtu mwenyewe asihisi. Kisha akatia dawa ya rangi, akamulika taa ya bluu, na zile sehemu zilizoungua zikang'aa kijani. Akampa dawa ya kupaka na vidonge vya maumivu, akatuambia siku moja au mbili yatapona. Yalipona. Yule daktari Mungu ambariki, naye ningeweza kumwandikia ukurasa mzima, lakini sicho kilichonileta.

Kilichonileta ni dukani.

Nilirudi na helmeti kwenye boksi lake, na risiti. Sikwenda kwa ugomvi. Nilimsalimia yule kijana wa kaunta, nikamweleza kilichotokea, nikamwomba aipime tuone kama kioo kina kasoro, au anibadilishie. Hakuigusa hata boksi. Akanionyesha maandishi kwenye risiti, mali ikishauzwa hairudi. Nikamwambia sidai hela, nataka kujua tu, maana macho ya mtu yameumia. Ndipo akasema, mbele ya wateja wengine, kwa sauti ya kusikika mpaka nje: "Mzee, kuchomelea ni kazi ya macho. Kama dogo hataki macho yaume, akauze vitumbua. Atazoea."

Mimi nimesomeshwa kwa vitumbua. Mama yangu aliamka saa tisa usiku miaka yote ile, na moshi wa kuni nao ulimharibu macho. Sikumjibu. Nilichukua boksi langu nikatoka, na mpaka leo nikipita mtaa ule moyo unakwenda mbio.

Na hilo neno "atazoea" ni uongo unaoua mafundi. Jicho halizoei. Mwaka 2017 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliingiza mionzi ya kuchomelea kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu, na saratani yenyewe ni ya jicho. Moshi wa kuchomelea nao ukawekwa kundi hilo hilo. Mtu anayeuza vifaa vya kujikinga anasema atazoea?

Kwa hasira zile nilikuwa tayari kuandika kwamba helmeti hizi ni takataka, msinunue. Ningekosea, au ningekosea nusu. Maana nilipita mtaa wa Gerezani kwa fundi mmoja mkubwa wangu kikazi, aliyeanza kuchomelea mimi bado nacheza mpira wa makaratasi. Akaitoa kwenye boksi, akaielekeza juani. Kioo kikafunga giza palepale. Akairudisha kivulini, kikafunguka. "Inafanya kazi," akasema. Akaniuliza kijana alikuwa amekaaje siku ile. Nikakumbuka alikuwa amelala chini ya geti, akiunga mabomba ya chini. Akanionyesha vile vijicho vidogo viwili vya mbele vinavyonusa moto. Bomba likivikinga, haviuoni moto, na kioo hakifungi.

Lakini akaongeza jambo ambalo miaka yangu yote ya kazi sikulijua, na nadhani wengi hatulijui. Kujifunga giza na kuzuia mionzi ni kazi mbili tofauti. Kioo cha kweli kina tabaka linalozuia ile mionzi mibaya muda wote, hata kikiwa cheupe, hata betri ikiwa imekufa. Giza ni la kukupunguzia ukali wa mwanga ili uone unachounga. Kwa hiyo kioo kikichelewa kufunga utapigwa na weupe, utaona nyota, lakini usingepaswa kuamka usiku unalia mchanga. Akanitazama. "Basi ama kioo hiki si cha kweli, ama mtoto alipigwa akiwa ameivua. Wewe ulikuwa wapi?"

Nilikuwa hatua tatu nyuma yake, naunga upande wa pili wa geti. Bila pazia. Kila alipopandisha helmeti agonge takataka za juu ya maungio, moto wangu ulikuwa unawaka ubavuni mwake. Inawezekana kabisa macho ya yule mtoto niliyaunguza mimi. Nimelibeba hilo na sijalitua. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtaka mwajiri amkinge mfanyakazi wake, na mwajiri kwenye karakana ile ni mimi, si muuzaji wa Kariakoo.

Kwa hiyo nimsamehe yule wa dukani? Nilitaka. Nilikuwa nimeshaanza kusema moyoni kwamba nimemwonea. Kisha jioni nikaigeuza helmeti ndani nje kutafuta maandishi aliyonielekeza yule mkubwa. Kioo cha kweli kilichopimwa kwa kiwango cha Ulaya cha EN 379 kinaandikwa juu yake chenyewe daraja la giza, tuseme 4/9-13, yaani 4 kikiwa cheupe na 9 hadi 13 kikifunga, halafu alama za ubora, mwisho 379, ambayo ni namba ya kiwango hicho. Kwenye boksi imeandikwa EN 379 kwa herufi kubwa nyekundu. Kwenye kioo hakuna kitu. Nimekifuta, nimekimulika kwa tochi ya simu, nimempa kijana mwenye macho mapya aangalie. Hakuna. Jua la Gerezani linaweza kuniambia kwamba kioo kinafunga, haliwezi kuniambia kwamba kinazuia. Kitu nisichoweza kukipima nakinunua kwa kumwamini anayeniuzia, na anayeniuzia alikataa hata kufungua boksi.

Sasa mtaniuliza, mnunue au msinunue? Helmeti ya aina hii, ndiyo, nunueni. Mikono miwili huru ni jambo kubwa, shingo hairuki ruki kukishusha kioo kila unapoanza kama kwenye helmeti za kioo cheusi cha kawaida, na kazi ya kijana kwa zile siku chache ilinyooka kuliko wakati wowote. Lakini someni kioo, msisome boksi. Hii yangu siwezi kuisifu na siwezi kuilaani. Siku moja naona ni mbovu, siku nyingine naona ni mimi. Duka lile siliendi tena, hata wakiwa wanagawa bure.

Nimeshona mapazia mawili ya turubai zito, yanasimama kati yetu tukiunga pamoja. Kijana amerudi kwenye kioo chake cha mkononi, cha giza namba 11, huku nikitafuta hela ya nyingine. Ile ya Sh 45,000 imening'inia kwenye msumari. Juzi ameniuliza, "Fundi, si niivae tu, mbona inafunga vizuri?" Nikamwambia hapana. Akanyamaza, akachukua kioo chake, akainama chini ya dirisha akitafuta namna ya kushika chuma kwa goti.