Nyumba ya zamani Tukuyu, ya kupanga wikiendi: nimekaa, nawapa ukweli wake

Wadau wa Mbeya na nyie mnaokuja huku na familia, naomba niiongelee hii nyumba maana wengi wakienda Rungwe wanalala gesti za barabarani wanarudi wanalalamika baridi, wakati ukichanga hela ya vyumba vitatu vya gesti nzuri unapata nyumba nzima. Sisi tulienda Nane Nane, watu wazima na watoto, tukalipa laki na themanini kwa usiku, nusu tulituma kwa simu nusu tukamalizia pale. Ni nyumba ya matofali ya kuchoma, mlinzi anasema ni ya enzi za Mwingereza, ilikaa gofu muda mrefu mpaka watoto wa mwenye nyumba wakaamua kuikarabati na kuipangisha.

Kilichonifanya niandike hasa ni kuta. Tukuyu mvua zake mnazijua, ni zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, hata huo mwezi wa nane tunaouita kiangazi manyunyu yalitukuta. Nyumba nyingi za zamani huku ukiingia unapokelewa na harufu ya ukungu, ukutani chini kuna rangi imevimba, ukigusa inadondoka. Hii hapana. Chumba cha nyuma ambacho hakipati jua kabisa mashuka yalikuwa makavu, godoro kavu, nikashangaa ikabidi nimuulize yule mzee mlinzi, na kwakweli mzee anaipenda ile nyumba kama aliijenga yeye. Akanipeleka nyuma karibu na jiko, kuna kipande cha ukuta kama upana wa mlango wamekiacha bila plasta makusudi watu waone. "Gusa mwanangu," akaniambia, "hapo kati ya tofali na tofali." Nikakwaruza na kucha, ikatoka unga mweupe laini, ni chokaa, siyo saruji.

Akanieleza kwamba kuna kipindi ukuta ulikuwa unalowa, mtu akaona dawa ni kuupiga plasta ya saruji nje na ndani, ndo ikawa balaa maana tofali la zamani linanyonya maji kutoka chini ardhini, likishafunikwa na saruji yale maji hayana pa kutokea yanabaki humo humo, tofali linaanza kumomonyoka taratibu huku kwa nje unaona ukuta mzuri tu. Mafundi wa ukarabati walianza kwa kuibandua ile saruji yote kwa patasi na nyundo, wakauacha ukuta wazi upate upepo ukauke kwanza, halafu wakapiga plasta ya chokaa na mchanga, na chokaa inaruhusu unyevu kutoka. Wakachimba na mtaro kuzunguka msingi ili maji ya bati yasitulie pale. Jamani, hii ndo kazi! Ni wangapi tuna nyumba za mababu Rungwe, Njombe, Iringa kule, tunazibomoa kisa "zimeoza", kumbe zinaozeshwa na saruji tuliyowapa hela mafundi waipake.

Vingine ndani navyo vimefanywa na mtu mwenye jicho. Milango ya zamani ya mbao hawajaitupa wameipiga msasa, sakafu nyekundu imerudishiwa ng'aro yake, na kuta ni nene kiasi kwamba mtoto anakaa dirishani na kitabu miguu ameikunja na bado nafasi ipo. Bati ni jipya ila chini wameweka dari la mbao, kwahiyo mvua ikipiga usiku mnaongea kawaida bila kupaza sauti. Sebuleni kuna sehemu ya kuota moto yenye dohani inayovuta moshi vizuri, macho hayawashi. Kuni mnapewa mzigo mmoja kwa usiku, haitoshi, nunueni mwingine mapema njiani.

Sasa kasoro. Maji ya moto yapo bafu moja tu na kwenye tangazo hawajasema, kwa watu wengi asubuhi ya baridi ya Tukuyu hiyo ni kero kubwa. La pili lililoniudhi zaidi, umeme wa LUKU uliisha saa nne usiku, tukapiga simu kwa msimamizi wa kupangisha akajibu mgeni anajinunulia. Sawa, lakini hilo lisemwe wakati wa kuchukua hela, siyo watoto wakiwa gizani, na namba ya mita yenyewe tukaanza kuitafuta kwa tochi ya simu. Mzee mlinzi ndiye aliyetuokoa, anayo kwenye kidaftari chake. Ndaga fijo baba, yaani asante sana kwa Kinyakyusa.

Barabara ya lami kutoka Mbeya mjini ni kama kilomita 70, haina shida, ila ile ya vumbi ya mwisho ikinyesha inateleza sana, masika na gari ndogo msijaribu, shukeni Tukuyu mjini mchukue bodaboda au mpige simu mfuatwe.

Chakula mnapika wenyewe, jiko la gesi lipo na sufuria kubwa za kutosha. Ndizi, maharage, parachichi na maziwa msihangaike kubeba kutoka soko la Mwanjelwa Mbeya, pale sokoni Tukuyu ni bei nzuri na ndizi zimetoka shamba leo. Nyama tulinunua hapo hapo. Mlima Rungwe unauona barazani asubuhi mapema kabla ukungu haujashuka, ukichelewa kuamka umeukosa mpaka kesho. Daraja la Mungu kule mto Kiwira tulipita wakati wa kwenda, Ziwa Ngozi tuliliacha maana ile njia ya msituni ni ya kupanda na tulikuwa na bibi.

Na kwa wenye wazee, ombeni chumba cha mbele kilichopakana na sebule, joto la moto linafika na bafu la maji ya moto liko mlango wa pili. Sisi tungerudi hata mwezi ujao, ila safari hii namba ya mita naiomba kabla sijatuma hata shilingi.