Gesi iliisha saa nane usiku, katikati ya ziwa lililoganda

Nimekaa siku kadhaa bila kuandika, nikisubiri hasira ipoe. Haijapoa, kwa hiyo naandika hivyo hivyo.

Kwanza niseme hili ili mtu asidhani naliponda ziwa: kama unaishi hapa Minnesota, Marekani, na hujawahi kulala juu ya ziwa Mille Lacs mwezi wa Januari, nenda. Ila usiende na hawa tuliokodi kwao sisi kibanda cha kuvulia samaki juu ya barafu. Na ukienda nao, usikubali waondoke kabla hujaunyanyua kila mtungi wa gesi kwa mkono wako mwenyewe.

Nilikuwa na shemeji yangu, kaka wa mke wangu, amekuja kututembelea kutoka Nansio. Huyu ni mtu wa Ukerewe, amekulia kwenye mtumbwi. Nilipomwambia ziwa tunalokwenda ukubwa wake unakaribiana na kisiwa chao kizima, na kwamba tutapita juu yake na gari, alinyamaza mpaka tukafika. Pale ufukweni kijana wa kampuni alitoboa barafu kwa keekee ya injini akatupimia: zaidi ya sentimita 40. Akaeleza kwamba mtu wa miguu anahitaji kama sentimita 10 za barafu safi na ngumu, pikapu zaidi ya 30, na kwamba barafu nyeupe yenye theluji ndani haiaminiki kama ile inayoonyesha maji meusi chini yake. Alieleza kwa subira, shemeji akapata moyo. Namsifu kwa hilo, na ni yeye huyo huyo nitakayemsema sasa hivi.

Utaratibu wao ni kwamba gari lako unaliacha ufukweni, wao wanakupeleka na gari lao la minyororo kilomita kadhaa hadi kwenye kibanda, halafu wanarudi zao. Ukishaachwa, umeachwa. Kibanda kilikuwa kizuri, siwezi kusema uongo. Vitanda viwili vya kukunja, hita ya gesi ukutani, matundu manne sakafuni. Unakaa kwenye benchi na soksi zako, chai pembeni, unashusha ndoana kupitia sakafu. Haikupita nusu saa shemeji akavuta walleye wa kwanza, samaki wa maziwa ya huku. Akamgeuza kwenye mwanga wa taa, macho yakawaka. "Shemeji," akasema, "huyu ana macho ya sangara!" Sijamwona akicheka vile tangu aje.

Ziwa linapiga kelele usiku, mjue. Barafu hutanuka na kusinyaa kadiri baridi inavyobadilika, na inapopasuka sauti inapita chini yako kama mtu anaburuta mnyororo mrefu, kisha mshindo. Mara ya kwanza shemeji alisimama na viatu mkononi. Nikamweleza kwamba wenyeji hawaishtukii. Mara ya tatu akawa anaisikiliza tu.

Mnamo saa nane usiku hita ilikohoa. Moto wa bluu ukawa wa njano, ukawa nukta, ukazima. Nje ilikuwa nyuzi 31 chini ya sifuri, na upepo. Nikatoka kubadilisha mtungi. Ule wa akiba, ambao tuliambiwa umejaa, niliuinua kwa vidole viwili. Mtupu kabisa! Na ule wa kwanza ulikuwa umebakiwa na gesi kidogo tu, na kwenye baridi ile gesi haina nguvu ya kutoka, kwa sababu propani inakaribia kiwango ambacho haigeuki mvuke tena. Hili kampuni ya kukodisha vibanda inalijua kuliko mimi. Ndiyo kazi yao.

Nikapiga simu mara nne. Ya nne akapokea yule kijana. Nikamweleza polepole. Akajibu, "Hapa ni Minnesota. Vaeni nguo." Akakata. Nilipopiga tena, simu imezimwa.

Mimi nimeishi jimbo hili miaka mingi. Najua kuvaa. Mwenzangu ndiyo kwanza ana majira yake ya kwanza ya baridi, na nilikuwa namtazama akiangalia tundu lililo karibu na miguu yake. Maji yalianza kufunga utando pembeni, mwembamba kama ngozi ya maziwa. Akauvunja kwa kijiko. Baada ya muda ukarudi, mnene zaidi. Akauvunja. Mara ya nne kijiko kiligonga tu. Hapo akaniuliza kwa sauti ya chini kama dada yake anajua tuko wapi hasa.

Sikusubiri zaidi. Kulikuwa na taa ya kibanda kingine kama mita 200 hivi, tukavaa kila kitu tukaenda tumeshikana mikono. Akafungua mzee wa makamo ya baba yangu. Hakuuliza sisi ni nani. Alituingiza, akatumiminia kahawa, akavaa makoti yake, akapakia mtungi wake mmoja kwenye sleji akaenda kutufungia mwenyewe. Kabla ya kuondoka alibonyeza king'ora cha kaboni monoksaidi, ile gesi ya sumu isiyo na harufu, kuhakikisha kinalia. Hela alikataa. Shemeji alimshukuru kwa Kiswahili, "Asante sana, babu," akimwinamia, na mzee naye akainama.

Asubuhi kijana akaja saa tatu. Nikatarajia pole, hata ya uongo. Akaangalia hita inawaka, akasema mbona inafanya kazi, kisha akauliza nani kachezea kiungio cha gesi maana kitalipiwa. Mbele ya mgeni wangu! Nilianza makala haya nikiwa na nia ya kutoa nyota mbili, kwa ajili ya kibanda na yale maelezo ya barafu. Nimefika hapa naona hata moja ni nyingi.

Haki ya mtu nayo niiseme. Mama wa ofisini alinipigia baadaye, akasikiliza hadi mwisho, akaomba radhi na kurudisha nusu ya malipo. Nilimwamini. Huenda kosa ni la mtu mmoja. Lakini mitungi ilijazwa na nani, ikakaguliwa na nani? Kwenye baridi ile hita ndiyo uhai, na mtu aliyekabidhiwa simu ya usiku alizima simu. Sirudi kwao.

Ziwani narudi. Shemeji ana wiki tatu kabla ya safari, na kila jioni anauliza. Mtungi wa mzee uko gereji kwangu, nimeujaza pomoni. Jumamosi tunaupeleka, kabla haijafika Machi wakaondoa vibanda.