Kliniki ya Moyo kwa Waja Wazito: Madaktari Wawili, Chumba Kimoja

Nilihudhuria kliniki ya waja wazito wenye maradhi ya moyo katika hospitali moja kubwa kisiwani Mombasa tangu mwezi wa tano wa mimba yangu ya pili hadi nilipojifungua. Ninaandika haya kwa ajili ya wanawake walioambiwa, kama mimi, kuwa vali ya moyo, yaani mlango wa kupitishia damu ndani ya moyo, imebana.

Awali nilikuwa nikienda kliniki ya kawaida karibu na nyumbani, Likoni. Nilipoeleza kwamba siwezi kuupanda mlima wa feri bila kusimama mara tatu, na kwamba usiku ninalala nimeegemea mito, nilijibiwa kuwa mimba ndivyo ilivyo. Ni kweli mja mzito huhema, lakini kukosa pumzi kila ulalapo chali si jambo la kupuuzwa. Wiki sita zilipita kabla mkunga mwingine hajanisikiliza kifua, akanyamaza, akasikiliza tena, kisha akaniandikia barua ya rufaa papo hapo.

Ubora mkubwa wa kliniki hii ni kwamba daktari wa moyo na daktari wa uzazi hukaa chumba kimoja, kwa hiyo mgonjwa hageuzwi tarishi wa kubeba maneno ya huyu kumpelekea yule. Daktari wa moyo alinichorea vali yangu nyuma ya kadi, akaeleza kuwa makovu yake yalitokana na homa ya baridi yabisi, ambayo hufuatia maambukizi ya koo yasiyotibiwa utotoni. Akaongeza kuwa damu ya mja mzito huongezeka kwa karibu nusu ya kiasi cha kawaida, na kwamba kufikia wiki ya 32 hivi mzigo huwa mkubwa mno kwa mlango uliobana, ndipo maji hurudi mapafuni. Dawa niliyopewa ilikuwa ya kupunguza kasi ya mapigo, ili moyo upate muda wa kujaa. Mume wangu, ambaye hadi siku hiyo alidhani ninadeka, aliutazama mchoro ule kwa muda mrefu, na mitungi ya maji hakuniachia tena.

Sindano ya penisilini, niliyodungwa kila baada ya wiki nne ili homa ile isirudi, inauma sana. Sista aliipasha chupa viganjani mwake, akaisukuma dawa taratibu, akasema, “Pole mamangu, tumemaliza.” Utu wa namna hiyo nauthamini kama dawa yenyewe.

Benchini nilikaa na mwenzangu wa Kisauni mwenye vali ya chuma. Yeye alitakiwa kubadilishiwa dawa ya kuzuia damu isigande, kwa kuwa warfarini, dawa aliyokuwa akiitumia, inaweza kumdhuru mtoto, hasa kati ya wiki ya 6 na ya 12. Alifika akiwa amekwisha kupita muda huo. Mwenye vali kama hiyo amwone daktari kabla hajashika mimba.

Kusubiri ni kwingi: nilifika saa kumi na mbili asubuhi nikaonwa saa nane mchana, na mabenchi hayana maegemeo. Kipimo cha picha ya moyo nilitumwa kukifanya nje, kwa gharama yangu.

Nilijifungua kwa njia ya kawaida, nikiwa nimechomwa ganzi ya mgongoni, kwani maradhi ya moyo peke yake hayalazimishi upasuaji. Usiku ule sista alihesabu pumzi zangu kila saa, kwa sababu mji wa mimba unapojikaza damu nyingi huurudia moyo kwa ghafla. Uangalizi huo ulikuwa wa hali ya juu, na ndiyo maana kilichofuata kiliniumiza. Niliruhusiwa siku ya tatu na kupewa miadi ya wiki sita mbele, na uzazi wa mpango ukazungumzwa harakaharaka nikiwa na begi mkononi, ilhali si kila njia inamfaa mwenye maradhi haya. Siku ya tisa miguu ilivimba, nikarudi mwenyewe kwa feri, mtoto mgongoni kwa mamangu.

Kwa huduma ya ujauzito ningeirudia kliniki hii bila kusita. Kwa ya baada ya kujifungua, usitoke wodini kabla hujaandikiwa miadi ya wiki ya kwanza kwenye kitabu chako cha kliniki, pamoja na nambari ya simu ya wodi.