Programu ya kuagiza bidhaa za duka: miezi 14 nikiitumia hapa Lamu

Nina duka la rejareja mtaa wa Langoni. Kwa miezi 14 nimekuwa nikiagiza bidhaa kwa programu ya simu ya kampuni changa ya Nairobi, na kwa kuwa wenye maduka wenzangu wananiuliza kama wajiunge, nawajibu hapa.

Mwanzo ulikuwa mtamu. Naagiza baada ya isha, nalipa kwa M-Pesa, siku ya tatu mzigo uko Mokowe, gati ya upande wa bara. Unga, sukari na mafuta ya kupikia vilikuwa rahisi kuliko kwa mzee wa jumla niliyemzoea. Kumbukumbu za manunuzi nazisifu kwa moyo wote: kwa mara ya kwanza nilijua kitu gani kinatoka na kipi kinanilalia dukani.

Shida ni bahari. Waliotangaza usafiri wa bure walimaanisha mpaka Mokowe. Kutoka hapo ni mashua, hamali wa kushusha gatini, kisha punda wawili mpaka dukani, na vyote nalipa mimi. Mara mbili dereva alinipigia kusema ramani inaonyesha amekaribia kwangu, naye yuko ng'ambo ya maji. Unga uliwahi kulowa maji ya chumvi, nikajaza fomu yao, mpaka leo sijajibiwa.

Nilivumilia kwa sababu ya bei. Mwezi wa tisa tangu nijiunge, punguzo likaondolewa ghafla. Mtoto wa kaka yangu, fundi wa kompyuta Mombasa, ndiye aliyenifungua macho: "Shangazi, ile haikuwa bei ya unga. Ilikuwa fedha ya wawekezaji." Akanieleza kwamba mifuko ya wawekezaji hao hutia fedha katika kampuni nyingi ikijua nyingi zitakufa, ikitumaini moja ikue mno, irudishe hasara ya zote. Kwa hiyo kampuni husukumwa kutafuta wateja kwanza, faida baadaye. Benki kuu ya Marekani ilipoanza kupandisha riba Machi 2022, mpaka ikavuka asilimia 5 mwaka 2023, wenye fedha wakaona heri waziweke penye riba pasipo hatari, kampuni changa zikakaukiwa. Sendy, ya usafirishaji, ilifunga 2023. Copia, iliyouza kupitia wenye maduka kama sisi, ilikuwa imekusanya zaidi ya dola milioni 100, na bado Mei 2024 iliwekwa mikononi mwa wasimamizi wa ufilisi.

Kilichonitia hofu ni kumpoteza mzee wa jumla. Kila kusi, bahari ikichafuka na wageni wakipungua, yeye hunipa mali kwa deni mpaka mambo yatengemae. Nilikaribia kumpoteza kwa ajili ya punguzo la miezi minane. Programu haina deni, wala haijui kusi ni nini. Nilimwendea, nikamwomba radhi, akanipokea.

Kwa hiyo jiungeni kwa sabuni, sukari na hesabu zenu, lakini msimwache anayewakopesha. Naipa nyota tatu kati ya tano.

Kwa wenye kampuni: nataka mdumu. Fedha za awamu ijayo ya wawekezaji zikija, msinirudishie punguzo. Tieni nauli ya mashua na ya punda ndani ya bei, mniletee unga mkavu mpaka mlangoni, nami nitalipa.